"Nimesikia," Alijibu Mjomba

Kazi niliyopewa ofisini Kilimani ilikuwa rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Mgeni anaalikwa kwa ujumbe wa simu, anajibu anavyotaka, na programu yangu inaligeuza jibu lake la maandishi kuwa moja kati ya mambo mawili: kweli, anakuja, au si kweli, haji. Niliunda kiolezo kimoja cha mgeni, chenye jina, namba ya simu na nafasi ya jibu, na kila aliyealikwa akatengenezwa kutokana nacho.

Kwa majaribio niliwatumia wageni wa mama. Alikuwa anafunga kibanda chake cha mboga sokoni Kangemi, magoti yamekataa, na alitaka watu waje nyumbani Jumamosi, waombe, wale kuku, wamshukuru Mungu pamoja naye. Aliyemtaka hasa ni mmoja tu, kakake mkubwa. Mjomba anaishi ng'ambo ya barabara ya Waiyaki Way, mwendo wa kutembea, lakini tangu wagombane mbele ya watu kwenye mazishi ya nyanya hakuwa amekanyaga kwetu.

Majibu yalipoanza kuingia, programu iliniaibisha papo hapo. Wote wanakuja! Aliyeandika "Siwezi, niko shags", yaani yuko kijijini kwao, anakuja. Aliyeuliza "Nani huyu?" anakuja. Nililijua kosa. Lugha niliyoitumia kuandika programu, ukiiambia igeuze maandishi kuwa kweli au si kweli bila maelekezo mengine, haisomi hata neno moja. Inaangalia tu kama kuna kitu kimeandikwa. Kipo? Basi ni kweli. Upuuzi mtupu.

Nikaketi kuifundisha. "Siwezi", "sitaweza", "niko mbali": haji. "Nakuja", "nitafika": anakuja. Halafu nikagonga mwamba, na mwamba wenyewe ni watu wetu. "Tutajaribu." "Tuko pamoja." "Mungu akipenda." Nawapenda jamaa zangu, lakini kukataa mwaliko wazi wazi hawawezi, hata uwafanye nini. Kwao kusema huji ni kukosa adabu. Kutotokea kabisa ni jambo la kawaida. Nikaongeza hali ya tatu, haijulikani, na nusu ya ukoo ikaingia humo.

Jibu la mjomba lilikuwa neno moja: "Nimesikia." Nalo likaenda kwenye haijulikani, na safari hii nilikubaliana na mashine.

Jioni nikamwonyesha mama kwenye kompyuta. Akaweka kidole kwenye jina la kakake.

"Hii imeandikwa nini?"

"Haijulikani, mama. Hajasema anakuja, na hajasema haji."

"Kwani amejibu ama hajajibu?"

"Amejibu, lakini..."

"Si basi amejibu? Miaka hiyo yote hajanijibu kitu. Weka anakuja."

"Mama, nimesikia si nakuja."

"Huyo ni ndugu yangu, si wako. Weka anakuja!"

Nikaweka, kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikisaga meno. Wiki nzima nilikuwa nimepigana na mashine isiyojua kusoma, na sasa mama alikuwa ananiamuru nisome kama hiyo mashine.

Jumamosi watu walikuja, wakaimba, wakala. Kwetu firigisi ya kuku haipakuliwi ovyo. Sisi wanawake hatuili; ni ya mwanamume wa kuheshimiwa, na asipoiona kwenye sahani yake anajua ametukanwa. Mama aliiweka peke yake, akaifunika kwa bakuli mbele ya kiti kitupu kando ya dirisha. Mchungaji aliitazama zaidi ya mara moja, mama akajifanya hamwoni. Kila viatu viliposikika nje aligeuka kuangalia mlango, nami kila alipogeuka hasira zilinipanda upya. Nilimkasirikia mjomba, na mama nilimkasirikia zaidi, kwa sababu yeye ndiye niliyeweza kumwona.

Wageni wa mwisho walipoondoka nilishindwa kunyamaza.

"Hakuja. Nibadilishe sasa?"

"Usiguse."

Akafunua bakuli, akaichukua ile firigisi na kuiweka kwenye sahani yangu.

"Kula."

"Si ni ya wanaume?"

"Kula, itaharibika."

Nikaila. Ilikuwa baridi na ngumu, na mafuta yalikuwa yameganda juu yake. Mama alinitazama mpaka nikamaliza, kisha akapangusa meza, ingawa ilikuwa safi.

"Hebu nisomee tena vile aliandika."

Nilijua ameshalishika neno hilo kwa moyo. Hata hivyo nikatoa simu, nikamsomea.

"Nimesikia."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama."

"Kumbe alisikia," akasema. Akakaa kwenye kiti cha mjomba, akalia.