Mgongo wa Diski Namba 0047

Imetangazwa rasmi, na tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa mahakama ndogo ya mji wa milimani, Huayllacucho, kwamba kila diski itakayopokelewa kama ushahidi itadumu miaka mia moja bila kupoteza hata neno moja, mradi itunzwe kwa kanuni kumi na moja zilizoorodheshwa. Kanuni ya nne inataka upande unaong'aa utazame juu, usiguswe na kitu. Kanuni ya tano inaagiza namba ya usajili igongwe kwenye upande wa pili, ambao hauna kazi.

Basilia Ticllacuri aliisoma kanuni ya tano mara tatu, furushi lenye diski kifuani. Huo upande usio na kazi aliujua kuliko aliyeuandikia kanuni.

Kwa miaka tisa alikuwa ameuza CD kando ya soko, nyimbo za kinubi na video za sikukuu za watakatifu, na riziki yake ya pili ilikuwa kuziponya zilizokwaruzika. Aliishika diski kwa ukingo, kidole kimoja tunduni, akaipaka dawa ya meno kiasi cha punje, akafuta kwa nepi kuukuu kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja kama miale ya jua. Mtu aliyefuta kwa kuzungusha alimwita muuaji. Aliyefuta kwa sketi ya sufu hakumwita kitu, alimnyang'anya tu, maana sufu huficha mchanga.

Zilizokufa alizitundika juu ya shamba lake la maharage zitishe ndege. Ndege walizizoea baada ya wiki mbili, lakini yeye alipata elimu. Msimu mmoja wa mvua ulipopita, ile rangi yote ya fedha ilikuwa imebanduka kutoka upande wenye maandishi, na plastiki ya upande wa pili imebaki safi kama kioo cha dirisha. Akajua basi kwamba tumbo la CD, upande unaong'aa, ni gumu, na roho yake imekaa mgongoni, chini ya ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu. Tumbo likichubuka, dawa ya meno ipo. Mgongo ukitoboka, kilichobaki ni kanisa.

Kwa ujuzi huo, jumuiya yake ilimkabidhi diski moja tu aitunze. Ilirekodiwa mwaka 2004, siku ya kutembea mpakani, ambapo kila mwaka watu wa jumuiya mbili huzunguka kwa miguu kutoka jiwe hadi jiwe, wakila na kunywa njiani. Mwishoni mwa video hiyo mzee Melchor wa jumuiya yake anaweka mkono juu ya jiwe la Puyopampa, na rais wa jumuiya jirani ya Arpaypata anaweka wake juu ya mkono huo. Wote wawili walikuwa wamekwisha kuzikwa. Sasa Arpaypata walidai kwamba jiwe liko chini zaidi, bondeni. Na jiwe likiwa bondeni, chemchemi ni yao, na alpaka mia nne, mifugo ya sufu ya upande huu, hawatakuwa na maji kiangazi cha Agosti kikifika.

Nakala haikuwepo. Katika kesi ya zamani kila upande ulileta nakala yake ya rekodi nyingine, zikapingana, hakimu akazitupa zote. Ndipo mkutano mzima ukaapa mbele ya msalaba kwamba diski itakuwa moja. Mpwa wake Basilia aliwahi kumwambia, "Shangazi, nipe dakika tano tu, nikuwekee kwenye kompyuta." Alimjibu kwamba kiapo hakina dakika tano. Jibu hilo lilisifiwa sana wakati ule.

Asubuhi ya kuipeleka diski mahakamani alipiga ramli, akatupa majani ya koka juu ya shuka. Matatu kati ya manne yaliangukia uso wa kijani, dalili isiyo njema. Aliyakusanya, akayatafuna, akaondoka.

Karani wa mahakama, Prudencio Aybar, ndiye aliyemsimamia binti wa mwisho wa Basilia katika ubatizo, kwa hiyo waliitana kompadre na komadre na hakuna aliyeweza kumpandishia mwenzake sauti. Aliipokea diski kwa mikono miwili, akaitoa kwenye kasha, akailaza juu ya meza ya mbao, uso wenye maandishi chini.

"Kompadre, usiilaze hivyo. Meza ina chembechembe."

"Nailinda, komadre. Kanuni ya nne."

"Mgongo ndio unaoumia."

"CD haina mgongo. Punda ndiye ana mgongo." Akafungua droo, akatoa mhuri wa chuma wa kugongea namba kurasa za mafaili, ule wenye meno.

Basilia aliweka kiganja juu ya diski bila kuigusa, kama anayekinga mshumaa. "Ligonge kasha."

"Kasha ni nguo tu. Nikisajili nguo, kesho itavaliwa na diski nyingine, halafu niulizwe mimi."

"Basi hapa karibu na tundu, hii pete isiyo na rangi. Hapo hamna kitu, kompadre. Nimefanya kazi hii."

Prudencio aliichunguza ile pete kwa heshima yote aliyostahili mama wa binti yake wa ubatizo. "Ni kweli hamna kitu," alisema. "Ndiyo maana namba haitaonekana. Kwenye kanuni imeandikwa ionekane." Akaigeuza, akatafuta mahali peupe, akapata ukingoni. "Ondoa mkono, komadre, nisikuumize."

Mhuri ulilia mara moja. Haukuwa mlio mkubwa.

Basilia aliomba aishike kidogo. Akaiinua kwa ukingo mbele ya dirisha. Penye ile saba ya namba 0047 palikuwa na tundu la mwanga, dogo kama nyota ya kwanza ya jioni. Video huandikwa kutoka tunduni kwenda nje. Cha mwanzo hukaa ndani, cha mwisho hukaa ukingoni. Alijua pia kwamba mpiga picha alilipwa na wenye sikukuu, kwa hiyo dakika hamsini za kwanza zilikuwa za bendi na supu.

"Imependeza?" Prudencio aliuliza.

"Imeonekana," alisema Basilia.

Rais wa jumuiya yake, Fulgencio Chuquitarqui, alimngoja nje na kofia mkononi. "Imepokelewa?"

"Imepokelewa."

"Mbona uso wako hivyo, mama?"

"Baba, mzee Melchor analishika jiwe dakika ya ngapi?"

"Mwisho kabisa. Si unajua alivyopenda kula kwanza?"

Basilia alifunga shali. Siku tisa alizosubiri, hakuuza, hakufuta kitu. Kila mara alijikuta ameshika sahani kwa ukingo.

Siku ya kesi mashine ilicheza bendi, supu, na watu wa Arpaypata wakiinua glasi. Wakili wao alipiga miayo. Mzee Melchor alitokea kilimani, akipumua kwa shida, akasema, "Basi wote mtazame hapa," akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani. Ukagawanyika vipande vya mraba. Hakimu alisubiri kwa haki. Waliitoa, wakaifuta, wakairudisha mara nne. Mara ya tano mkono haukunyooshwa hata kidogo.

Diski ilirudishwa kwenye ghala la ushahidi, ikalazwa upande unaong'aa juu. Namba 0047 inasomeka vizuri, hata bila miwani.