Kompyuta Ina Mabomba Mengi

Nakumbuka asubuhi moja ya manyunyu, mwanangu, tulikuwa karakanani hapa Goma, mimi na mwenzangu Furaha, tunaitazama kompyuta kwa furaha isiyo na kiasi. Programu yetu ilikuwa imekubali kila jaribio. Ukibonyeza herufi moja, inadhani hewa mbaya imefika, inapiga kelele. Ukibonyeza nyingine, kelele zinabadilika. Mimi nilikwisha anza kukunja nyaya, maana tulikuwa tumemwahidi Mama Nzigire kwamba kesho yake tungekwenda kumfungia king'ora chake.

Mama Nzigire alikuwa mjane aliyeshuka kutoka milima ya Masisi, akapata kiwanja upande wa Lac Vert, bondeni, chini ya barabara ya Sake. Unajua kule kuna mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini bila rangi, ikalala mashimoni, hasa alfajiri upepo ukitulia. Mbuzi wake wote walikuwa wamekufa zizini kabla hajaamka. Nyumba ilikuwa juu kidogo tu ya zizi hilo, na ndani yake walilala wajukuu. Pa kuhamia hakuwa napo. Alituomba kitu cha kumwamsha, basi.

Kitu hicho kilikuwa kibao kidogo cha elektroniki chenye vipimo viwili vya hewa, kimoja zizini na kimoja chumbani, pamoja na king'ora na kitufe cha kukizima. Hewa ikijaa zizini, king'ora kilie polepole. Ikipanda hadi chumbani, kilie mbio mbio, na hapo ni kukimbia. Programu yake ilijengwa juu ya kiunzi, yaani mifupa ya kushikilia kazi zake zote, alichokiandika mkubwa wetu, Muzee Kambale, aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio. Kwenye kiunzi hicho kila kazi hukaa ikingoja tukio, kama vile hewa kupanda. Tukio likifika, kazi inalishughulikia mpaka mwisho, kisha inaipisha nyingine. Kibao kina ubongo mmoja mdogo, hakiwezi kufanya vinginevyo.

Kukijaribu kibao kulikuwa kunachosha. Kila kosa dogo lilitaka programu ipakiwe upya, na hewa yenyewe huwezi kuiagiza ije. Ndiyo sababu Muzee alitutuma tukihamishie kiunzi chake kwenye kompyuta ya kawaida, ili matukio tuyatume kwa vidole. Furaha ndiye aliyeifanya kazi hiyo, na aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeifanya mimi. Kompyuta ina mfumo wake wa kugawa muda kati ya programu nyingi, kwa hiyo kila kazi yetu aliipa njia yake ya kupita. Programu ikakimbia kwa raha.

Muzee alikuja, akasimama nyuma yetu bado kavaa koti la mvua. Alitazama bila kusifu. Mtu yule alikuwa bahili wa sifa, utadhani ananunua.

"Furaha, king'ora ikishaanza kulia, inangoja nini?" aliuliza.

"Inangoja mutu afinye bouton, Muzee."

"Na wakati inangoja, ni nani anapima hewa ya mu nyumba?"

"Ile kazi ingine. Angalia, iko inapima."

"Iko inapima hapa, kwa ordinateur." Akaigonga kompyuta kwa kidole, akavuta kiti. "Kule kwa borne fontaine, kwa bomba ya maji ya watu wote, mama mumoja akiacha bidon yake chini ya robine, akaenda kuita mutoto, ule wa nyuma atateka maji namna gani? Ordinateur iko na robine mingi, haimusumbui. Kibao ya Mama Nzigire iko na moja tu. Munanionyesha kitu inatumika kwa masini yenye hatutaipeleka kule."

Nilikasirika, nakwambia ukweli. Nilimjibu, "Lakini Muzee, mutu atafinya bouton tu. Ikilia, nani atashindwa kuifinya?"

"Muulize Mama mwenyewe," akasema, na akaanza kuandika.

Alibadilisha sehemu moja tu ya kazi ya Furaha: kazi zote alizirudisha zipite kwenye njia moja, kompyuta ijinyime kama kibao. Kisha akamwachia Furaha vitufe. Furaha akatuma hewa ya zizini. King'ora kikaanza, polepole. Akatuma hewa ya chumbani. Polepole. Akatuma tena, kwa kidole kizito zaidi, kana kwamba kompyuta haikusikia. Polepole vilevile. Kazi ya king'ora ilikuwa imesimama ikingoja kitufe, na nyuma yake hakuna aliyepita.

Mchana Mama Nzigire alifika kuuliza safari ya kesho. Kabla Muzee hajafungua mdomo, nikamuuliza mimi, nikiwa bado na matumaini ya kushinda. "Mama, ile sauti ya polepole ikilia asubui, utafanya aje?"

"Ile ya mbuzi?" Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali rahisi. "Mbuzi si walishakufa? Nitaiacha ilie, nilale. Mi nangoja ile ya mbio."

Furaha aligeukia dirishani. Ile ya mbio isingelia kamwe, na yeye angelala akiamini kwamba inamlinda. Hapo ndipo niliogopa, mwanangu, na si asubuhi.

Muzee alimweleza kwamba kesho hatuendi. Mama alipandisha sauti. "Munanizungusha! Batoto banalala kule, na ninyi munachezea masini!"

"Mama, usikasirike," alisema Muzee. "Leta batoto. Mutalala kwangu mpaka tumalize."

Alikubali kwa shingo upande, na mke wa Muzee akatandika magodoro sebuleni bila kuuliza maswali mengi. Furaha aliiandika upya kazi ya king'ora. Sasa iliwasha sauti na kuondoka zake, ikaacha njia wazi. Kitufe nacho kikawa tukio kama matukio mengine, likija linapokelewa, lisipokuja hakuna anayeganda. Tuliijaribu kwenye kompyuta ya njia moja, kisha kwenye kibao chenyewe, hapo mezani. Ndipo tukaenda Lac Vert kukifunga, na Mama akarudi kwake na wajukuu.

Mvua zilikuwa zimekwisha Mama Nzigire aliporudi karakanani, asubuhi mapema, kikwembe alichojifunga kimelowa umande mpaka magotini na wajukuu wakimfuata nyuma. Alikaa kwanza, akapumua.

"Ilianza polepole, nikageuka, nikalala," alisema. "Kisha ikabadilika."

Alikuwa amewabeba wadogo na kuwasukuma wakubwa mpaka barabarani. Muzee Kambale aliwaagizia watoto chai na mandazi, akaenda kuvaa koti lake ili akakiangalie kibao.

Na wewe, mwanangu, unayenionyesha programu kwenye simu yako na kusema inafanya kazi, nakuuliza alichotaka Muzee tujiulize: inafanya kazi wapi? Ukihamisha kazi kutoka kifaa kidogo kwenda mashine kubwa, ile kubwa itakusamehe mengi bila kukwambia. Ibane mpaka iwe na shida zilezile za mtu utakayempelekea. Halafu nenda ukamuulize mtu huyo atafanya nini, usimjibie ukiwa umekaa kitini. Akikukasirikia kwa kuchelewa, mpe pa kulala.

Mungu akupe mkono mwepesi na subira ya kurudia. Na wale wanaolala wakitegemea kazi yako, awajalie waamke.