Mama mkwe alinikanda bega la oparesheni, na mume anataka nirudi kwa mama yake tena

Admin, jina langu lifiche kabisa, mume wangu anafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mama wa watoto wawili, nasuka nywele Tunduma karibu na mpaka. Naandika kwa mkono wa kushoto nikiwa wodini, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Hasira niliyonayo inaweza kuchemsha maji.

Kipindi cha mvua nilianguka na bodaboda kwenye tope, nikaangukia bega la kulia. Mkono ukagoma, hata kitana siwezi kukiinua. Hospitali wakasema kano za bega zimechanika, wakanifanyia oparesheni ya kuzishona na ikaenda vizuri. Siku naruhusiwa, nesi alitukalisha mimi na mume wangu akatuambia, "Hapa pasiguswe na maji. Msikande, msipake kitu chochote. Mkono ukae hivi hivi kwenye kitambaa cha shingoni mpaka mrudi kliniki." Mume akaitikia ndiyo, ndiyo, utadhani mwanakwaya.

Kwa kuwa nilikuwa siwezi kupika wala kufua, akatupeleka mimi na watoto kwa mama yake, Mbozi. Mama mkwe ni mtu wa kanisani na mchapakazi, kwenye kahawa yake huoni hata gugu. Ila kwake yeye, mtu akiumia lazima akandwe. Aliyejifungua anakandwa, aliyeteguka anakandwa, na mimi niliyeshonwa ndani ya bega nikandwe vile vile. Alipoona pamevimba kidogo akasema, "Damu imeganda humo."

Nikamwambia, "Mama, nesi amekataza."

"Huyo nesi amezaa wangapi? Ukoo huu wote nimeukanda mimi!"

Akachemsha majani ya mpera, akabandua plasta kwa kucha zake, akachovya kitambaa kwenye maji ya moto na kuanza kulikandamiza bega langu. Nililia mpaka majirani wakaja kuchungulia. Na mume wangu, yule yule wa ndiyo ndiyo, alikuwa amenishika mkono mzima, wa kushoto, ili nisimsukume mama yake. "Vumilia, mama Bahati, mama anajua." Kesho yake wakarudia, na keshokutwa tena.

Kidonda kikafunguka. Usaha ukaanza kutoka, na harufu yake ikanifanya nione aibu kulala na wanangu. Homa ilipopanda nikaanza kuweweseka, ndipo wakakumbuka kwamba kuna hospitali. Nimepasuliwa mara ya pili, wameosha uchafu wote, na baadhi ya nyuzi zilizoshika zile kano wamelazimika kuzitoa. Daktari hakuzunguka, aliniambia, "Wadudu waliingia mpaka ndani. Mkizembea tena, mkono huu hautapanda." Jamani, mimi ni msusi! Mkono usiopanda nitasukia nini?

Mama mkwe hajaniomba msamaha hata kwa kukosea. Anatangaza kanisani kwamba madaktari wamemharibia mkwe wake, na watu wanampa pole yeye! Juzi alikuja kuniona na kikapu, nikajua ameniletea uji. Akatoa chupa ya chai imejaa maji ya moto, pamoja na kitambaa kile kile. Nesi alimtoa wodini palepale. Mume wangu akanigeukia mimi: "Umemdhalilisha mama yangu mbele za watu."

Kesho naruhusiwa. Mama yangu mzazi yuko Ileje, amemtuma kaka yangu aje anichukue, na amesema kwake hakuna atakayeligusa bega langu. Mume naye kasema mke wa mtu hauguzwi kwao, anauguzwa ukweni. "Ukiondoka na kaka yako, watoto wanabaki kwa mama, na kwangu usirudi." Kasema hivyo bila hata kukaa kwenye kiti.

Asubuhi wote wawili watakuwa getini. Nikienda na kaka, wanangu wanabaki mikononi mwa mama yule na sufuria yake. Nikienda na mume, naupoteza mkono unaowalisha hao wanangu. Ninyi mnaosoma hapa, nipeni akili, niondoke na nani? Ila tafadhali, mtu asiniambie nivumilie. Hilo neno nimeshaambiwa nikiwa nimeshikwa.