Vidole Kumi na Viwili

Nilipokuwa nasoma digrii yangu ya jioni Kisumu, niliamini kabisa kwamba chini ya maktaba ya chuo kuna mashine inayonusa fomu za utafiti. Mwenzangu wa darasani, muuzaji wa vifuniko vya simu, ndiye aliyeniambia, tena kwa kiapo. Inanusa wino, inapima jasho la kidole. Ikikuta uongo inalia kama ambulensi, na jina lako linamfikia chifu wa kwenu kabla wewe hujafika stendi. Nilikuwa baba wa watoto wawili, mtu mzima na ndevu zangu, na niliamini.

Utafiti wangu ulihusu akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Asembo Bay. Fomu thelathini. Kila mama asomewe maelezo, aulizwe kama anakubali, kisha atie sahihi au alama ya kidole. Kumi na nane nilizipata kwa haki, juani, mpaka paka wa bichi ya wavuvi wakaanza kunifuata. Zikabaki kumi na mbili. Mwisho wa kuzileta ni Jumatatu. Ukikosa, joho la kuhitimu unalisubiri mwaka mzima. Na kwetu Pap Onditi mama yangu alikuwa ameshachagua mbuzi wa sherehe.

Alhamisi nikafika bichi, kimya. Mitumbwi imefungwa, nyavu za kuanikia omena ziko tupu. Mvuvi alikuwa amezama. Mama mmoja aliyeniahidi majibu alikuwa ameketi kando ya beseni lake alilolifunika.

“Mama, ni maswali kumi tu,” nikamwambia.

“Baba, leo hapana. Havui mtu, hauzi mtu, mpaka mtu wetu apatikane. Kwani umeuliza ni nani?”

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nahesabu siku.

Ijumaa nikajifungia nyumbani nikawa akina mama kumi na wawili. Ili kuipiga chenga mashine nilitumia kalamu nne, na fomu tatu niliziandika kwa mkono wa kushoto. Tarehe nikaweka ya Alhamisi, kama ratiba yangu ya utafiti ilivyosema. Ikaja zamu ya alama za vidole. Fomu kumi na mbili, vidole kumi. Nikavua viatu.

Nilipozikabidhi, amani ikaniacha. Ambulensi ilipita sokoni Kondele, nikajikuta nyuma ya rundo la mitumba, nimekumbatia koti la mtu. Usingizini nilikuwa nasema, “Ni kidole cha mama, ni cha mama,” mpaka mke wangu akauliza huyo mama ni nani. Nikamwambia ni kumi na wawili. Hilo halikusaidia.

Wiki ya pili mhadhiri aliyenisimamia akaniandikia kwenye simu: “Njoo ofisini kesho saa tatu.” Hakuna salamu. Nikajua mashine imelia.

Nikamkuta amezitenga zile kumi na mbili mezani. Hata kiti sikungoja.

“Daktari, najua mashine imenishika.”

“Mashine gani?”

Nikamwaga yote: mashine ya chini ya maktaba, kalamu nne, mkono wa kushoto. Akasikiliza bila kucheka. Akavuta fomu moja, akaisogeza karibu na dirisha.

“Na huyu mama mwenye kidole kama kijiko?”

“Ni cha mguu, Daktari.”

Akavua miwani, akaiweka juu ya fomu.

“Chini ya maktaba hakuna mashine, Bwana. Kuna viti vilivyovunjika. Fomu nazisoma mimi, na kwetu ni Asembo. Alhamisi hiyo nilikuwa bichi tukimngoja mtu wetu, na wewe umeandika akina mama kumi na wawili waliuza omena asubuhi yote. Joho mwaka huu hapana. Rudi ukawaulize wenyewe. Na kabla ya swali la kwanza, uwape pole.”