Unga wa Chini ya Kitanda

"Andika sufuria," nilimwambia Mugambi. "Usipoandika sufuria, hizo karatasi zako ni za kufungia karanga."

"Shosho, hii ni historia ya bingwa, si mapishi."

Mugambi ni Mmeru, kocha wa Falone, mjukuu wangu anayeniita Koko, na kichwa cha kocha huyu ni kigumu kuliko lami. Alikuwa amekaa jikoni kwangu, huku ugenini Quakers Hill, na karatasi mbili za hotuba ya kumuaga Falone kwenye klabu ya riadha Jumamosi. Lakini asubuhi ile Falone alikuwa kwa daktari. Akiambiwa mshipa wa kisigino haujapona, karatasi zitasomwa, na mbio basi. Akiambiwa umepona, zitachanwa.

Mugambi alikuwa ameandika kwamba Falone alianza kukimbia akiwa na miaka kumi na minne, uwanjani Blacktown. Uongo mtupu. Alianza na miaka tisa, mwaka ule tulipotoka kambi ya wakimbizi, sisi wawili na sufuria moja. Nilikuwa nabandika maji ya bugali, kisha namwambia, "Unga umekwisha, na maji hayangoji." Dukani kwenda na kurudi ni kama mara mbili ya kuzunguka uwanja.

"Ndiyo maana mita mia nane amezichukua mara tatu nchi nzima," nikasema. "Siku moja alirudi na unga kabla sijamtuma."

"Shosho."

"Muulize Kasoki, alikuwa jirani. Mtoto alipita na upepo wake ukampeleka Bankstown na nguo zake za kuanika. Mpaka leo anaishi huko."

Mugambi akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akauliza, "Lakini kila siku unga unakwishaje?"

Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

"Haukuwa umekwisha. Mifuko mitatu ilikuwa chini ya kitanda. Mtoto alikuwa anajificha hukohuko, haongei, anaogopa hata kengele ya mlango. Nikaona huko chini nijaze unga, yeye atoke nje."

Mugambi hakucheka tena. Akachukua kalamu, akaandika kitu pembeni mwa karatasi. Sijui kusoma, lakini neno sufuria nadhani nililiona.

Nikainuka kubandika maji, maana mikono ilikuwa inataka kazi. Miezi mitatu nilikuwa nasikiliza hatua za Falone kwenye ngazi, moja nzito, moja nyepesi. Nikawa namwazia na huyu Mugambi. Miaka kumi na moja, saa kumi na moja alfajiri, gari lake liko nje kumpeleka Falone mazoezini kabla yeye hajaenda kazini ghalani, na hajapiga honi hata mara moja asije akaniamsha. Nilikuwa macho kila siku, namshukuru Mungu kwa ajili yake, halafu akiingia namtukana ili asivimbe kichwa.

"Mugambi, baba," nikasema, mgongo nimempa. "Uongo wangu weka kando. Kwa hii miaka kumi na moja, mimi nataka nikwambie..."

Ngazi zikalia. Hatua zote sawasawa, tena mbilimbili.

Falone akafungua mlango. Akatazama karatasi, akatazama sufuria motoni.

"Koko, unga umekwisha?" akauliza, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye viatu vya mbio.