Mtani Aliyeomba Mpagazi

Haya niliyaona mchana, jua likiwaka, nikiwa sijalala wala sijanywa chochote. Ukiyakataa sitakulaumu. Mimi mwenyewe nilitafuta maelezo mengine nikayakosa.

Tulikuwa Usinge, tukiikarabati mashua ya tanga aliyotuachia baba, ili tuirudishe Ziwa Sagara. Ufundi sikufundishwa na mtu. Niliusoma, nikakosea, nikarudia. Kaka yangu Masudi alibadilisha mbao zilizooza, mimi nikaziba nyufa kwa pamba na lami, mama akashona tanga. Tatu, mke wa Masudi, alitupikia na kutusimanga. Ulibaki mlingoti tu, kisha kesho yake tuishushe majini.

Nyuma ya uwanja wetu inapita njia ya zamani ya misafara, ile ya Tabora kwenda Ujiji. Alasiri akatokea mwanamume kwenye njia hiyo, kifua wazi, bega la kulia limebonyea kama mto uliolaliwa. Akaitazama mashua, akacheka.

"Wanyamwezi nyie! Babu zenu walibeba mizigo mpaka pwani, leo mnataka kubebwa na maji?"

Alisema ni Mzigua. Siwalaumu Wazigua, maana sidhani yule alikuwa mtu. Lakini kwetu Mzigua ni mtani tangu enzi za misafara: atakutukana msibani, atachukua kuku wako, na ukikasirika mkosaji ni wewe. Desturi ni kumjibu kwa mzaha mkubwa kuliko wake.

"Karibu, mtani," mama akasema. "Ila kaa mbali na misumari yangu. Mkono wako naujua."

Wewe usingecheka? Sisi tulicheka. Akasema atatusaidia mlingoti. Lilikuwa gogo ambalo mimi na Masudi tuliliburuta kwa taabu. Yeye aliliinua peke yake, akalilaza kwenye lile bonde la bega, likatulia kama limechongewa pale. Hakuhema. Nikajiambia ni mazoea ya kazi.

Mlingoti ulipokwisha kusimama, akamshika Masudi bega.

"Sasa ujira wangu. Msafara wangu umepungukiwa na mpagazi mmoja. Nipeni huyu."

"Mchukue!" Tatu akadakia. "Anakula kama nzige, anakoroma kama treni ya Kigoma. Na usimrudishe!"

"Mama mtu unasemaje?"

"Beba, mtani," mama akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Nimemlea, nimechoka."

Masudi alicheka kutushinda sote. "Twende basi. Ila mimi mizigo mizito sibebi."

"Utazoea."

Wakaondoka wameshikana mikono. Tulidhani watageuka mbele kidogo, mzaha uishe. Kicheko cha Masudi kilikatika ghafla, nami nikatoka kumfuata. Njia pale imenyooka, haina kichaka. Haikuwa na mtu.

Tulimtafuta Kaliua, tukamtafuta Urambo. Masika nzima ikapita. Kisha dereva wa lori la tumbaku akamleta kwetu. Alimkuta barabarani peke yake, mgongo umepinda, mikono mitupu, na bega la kulia limechunika mpaka nyama ya ndani.

Mama alimkimbilia. "Mwanangu!"

Masudi akamtazama, akacheka. "Bibi, bado hujafa tu? Nimefuata ubwabwa wa matanga yako, kumbe hata kaburi halijachimbwa!" Akamgeukia Tatu. "Na huyu mjane, mbona ananenepa?"

Amini usiamini, hakuwa akiigiza. Alituona watani.

Mtani akikuchukulia kitu, unakikomboa kwa kuku. Mama akamletea Masudi jogoo, kisha mbuzi, naye akawakataa; mwisho mama akapiga magoti: "Basi nichukue mimi, mwache mwanangu." Masudi akampapasa bega polepole, kama mnunuzi sokoni.

"Hapana. Wewe utavunjika kabla hatujavuka Malagarasi."

Alipogeuka kurudi njiani, tulimfunga kamba kitandani. Hapo ndipo nilipoacha kutafuta maelezo. Alikuwa amelala chali, hagusi kitu, na bega likazidi kuchimbika mbele ya macho yangu, damu ikalowesha godoro. Alipiga mayowe. Kila tulipomfungua akatembea, alinyamaza. Tukafunga tena, mayowe yakaanza. Mwisho mama aliifungua kamba kwa mikono yake mwenyewe na kumsindikiza hadi njiani.

Yu hai. Madereva humwona, leo Ipole, kesho karibu na Tabora, akitembea. Tatu hawezi kukaa eda, maana mume hajafa; wala hawezi kusema ana mume. Mashua hatukuishusha. Mama hukaa kimya anaposikia watu wakitaniana, na wageni humwona mwenye kiburi.

Nawe unayenisikiliza, utani usiuache, ni heshima yetu. Mtani usiyemjua mpe maji, mlishe, mtukane upendavyo. Lakini akiomba mtu, hata kwa kicheko, usimjibu. Funga mdomo wako, na ufunge wa mama yako pia.