Nilimhamishia Shangazi Mbugani

Aliyekosa ni mimi. Jina langu siliandiki, lakini kosa silikani, maana limenikaba na sina wa kumwambia.

Mimi ni mchora ramani katika idara ya jiografia ya chuo. Shahada sina. Kuchora nilijifunza mwenyewe nyumbani Tabora, kwa kunakili atlasi ya kuazima, na mpaka leo mstari ukipinda kidogo tu silali.

Kamati ilipoundwa kuipitia upya shahada yetu, niliitwa nisaidie. Mwenyekiti alisema, "Vijana wetu wanaijua mito ya Ulaya, Malagarasi hawaijui. Tunataka jiografia ya kwetu." Nikapewa kazi ya kuandaa zoezi la mfano: mwanafunzi apange kijiji cha ujamaa mahali halisi.

Nikachagua kwa shangazi yangu aliyenilea, upande wa Kigwa. Watu wa pale walikaa mwinukoni, penye visima walivyonywea wapagazi wa misafara ya zamani. Lakini mwinuko una mawe, nyumba hazikukubali safu. Chini yake kuna mbuga ya udongo mweusi, tambarare kama meza. Nikazipanga huko. Zilinyooka mpaka nikatabasamu.

Nilijua kwamba masika mbuga ile hujaa maji. Mimi niliyechunga mbuzi pale! Nikajiambia ni zoezi tu, walimu watalirekebisha. Wao wakaliamini kwa sababu mimi ni mtu wa huko.

Mgeni mmoja wa serikali aliyehudhuria kikao akaomba nakala. Nikampa, tena kwa fahari.

Serikali ilipoanza kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, kijiji cha shangazi kiliwekwa mbugani, safu kwa safu, kama nilivyochora.

Sasa zoezi limo ndani ya shahada, na kila mwaka mimi ndiye ninayewapeleka wanafunzi kukitazama kijiji chenyewe. Safari iliyopita tulikuta nyumba ya shangazi imepasuka, ukuta umeegemezwa magogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Piteni, wanangu. Viatu msivue, ndani nako matope." Vyura walikuwa wakilia uvunguni. Akacheka. "Hao ndio wenyeji. Wapangaji ni sisi."

Mwanafunzi mmoja akaniuliza nani alikipanga kijiji. Nikasema, "Wataalamu."

Wakati wa kuaga, shangazi akanishika mkono. "Baba, wewe unakaa na wasomi. Hebu niulizie, nani alituweka huku? Sitamtukana. Nataka tu aturudishe kwenye visima vyetu."

Nikasema nitauliza.

Nikisema ukweli, zoezi litafutwa, na mimi nisiye na shahada nitafutwa nalo. Nikinyamaza, mwakani nawapeleka tena, nakaa tena kwenye kigoda chake, nakula ugali wake.

Wewe unayepanga maisha ya watu ukiwa mezani, mstari ukinyooka mno, weka kalamu chini. Jiulize maji hupita wapi. Na kama jibu unalijua, liseme siku hiyo hiyo. Mimi nililijua, na shangazi bado ananingoja nimuulizie.